Asali Niliyompelekea Mzee Lembris

Jumatatu, 2 Agosti 1982
Jubilei ya ndoa yetu ni Jumapili ya tarehe 15. Miaka ishirini na mitano na Hyasinta. Namshukuru Mungu. Hyasinta namshukuru zaidi, kwani yeye ndiye aliyekaa mezani akinisikiliza.
Bia haipatikani Karatu nzima. Shemeji yangu Piusi, kaka yake Hyasinta, ametangaza nje ya kanisa kwamba kinywaji cha sherehe ataleta yeye kutoka Arusha, maana mwalimu mstaafu "ana maneno tu, chupa hana". Mbele ya katekista! Nikajibu papo hapo kwamba wageni wangu watakunywa mvinyo wa asali, kinywaji cha wazee. Watu wakapiga makofi.
Asali sina. Kuipika sijui. Nikishindwa, Piusi atanicheka hadi nife, na msibani atatoa hotuba.
Mpango: Hyasinta ameniomba miaka mingi nimpeleke pwani. Nitampeleka, na asali nitaipata njiani. Landirova nimeiazima kwa Piusi mwenyewe. Nimemwambia ni safari ya mapenzi. Aliguna.

Jumanne, 3 Agosti
Baray, kando ya Ziwa Eyasi. Hyasinta alisema pwani anayoifahamu yeye iko Tanga. Nikamfafanulia kwamba neno pwani linatokana na kupwa, na maji ya Eyasi yamekupwa kwelikweli. Tulitembea juu ya magadi makavu kitambo kirefu kabla ya kuyaona maji. Kwa hiyo tumefika. Alivua viatu, akawatazama ndege heroe majini, akasema kama hii ni pwani basi yeye ni mke wa meneja wa benki. Kisha akacheka, akanishika mkono. Sikumbuki mara ya mwisho tulishikana mikono mchana.
Nimepata debe zima la asali kwa warina asali wa huku. Safi, nyeusi kidogo, inanukia moshi. Siku njema. Nashukuru.

Alhamisi, 5 Agosti
Ngorongoro. Baridi kali. Nilisimamisha gari ukingoni ili Hyasinta aione kreta. Aliona ukungu. Alisema ni ukungu mzuri.
Tukaenda kwa Mzee Lembris, ninayemfahamu kutoka mnadani. Hakuna anayepika asali kama yeye. Nilivaa suti. Nilishusha debe, sukari na tumbaku. Mtu mwenye heshima hataji pombe kwa jina mbele ya wanawake, hivyo nilisema tu kwamba nimeleta asali nyumbani kwake, na ninachoomba anakifahamu.
Lembris alilitazama debe, akaitazama suti. Kisha akawaita wazee wenzake. Waliuliza nina ng'ombe wangapi. Kama mke wangu ana nyumba yake peke yake. Kama nina hasira nikishiba. Watu wakarimu sana, wanajali maisha ya mgeni. Niliwajibu yote kwa ukamilifu. Soila, binti wa Lembris, muuguzi wa zahanati, alipita akanitazama kama anayetafuta ugonjwa. Pembeni, Nalotuesha, mke wa Lembris, alimnong'oneza Hyasinta jambo. Hyasinta alicheka mpaka akakaa chini.
Lembris akasema asali imepokelewa, nirudi Ijumaa ya wiki ijayo "kuchukua jibu". Nilimsahihisha: kinachochukuliwa ni mvinyo, jibu husikilizwa. Alinishukuru.

Ijumaa, 13 Agosti
Nimepanda tena Ngorongoro na Hyasinta, na vibuyu vitupu garini. Tuliwakuta wazee wamejinyoosha juani, nyuso zimeng'aa. Lembris alisema asali yangu ilipikwa vizuri mno. Wameinywa. Yote. Wamenibariki mimi na mifugo yangu. Ama kuhusu jibu, anasikitika: Soila amekataa.
Nikauliza amekataa nini.
"Amekataa kuolewa na wewe, Mwalimu," Lembris akasema.
Ndipo nilipoelezwa. Kwao, mwanamume akibeba asali hadi nyumba yenye binti, akasema anachoomba kinafahamika, amekuja kuposa. Na asali ya posa hunywewa na wazee. Soila amesema umri angeuvumilia, lakini hawezi kuishi na mtu aliyemsahihisha baba yake uani kwake mwenyewe.
Nilieleza kwamba nilitaka kinywaji tu, cha jubilei ya mke huyuhuyu niliye naye. Lembris alicheka mpaka fimbo ikamponyoka.
Hyasinta alijua tangu siku ile. Nalotuesha alimuuliza kama anakubali mke mwenza. Alijibu aje hata kesho, mradi aje na masikio mapya, maana ya kwake yeye Hyasinta yamechakaa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alisema, "Baba Inosenti, ningekwambia saa ngapi? Ulikuwa unafundisha."
Jumapili ni keshokutwa. Sina hata tone.

Jumapili, 15 Agosti
Misa nzuri. Hyasinta alivaa kitambaa cha buluu. Nilipokuwa nikirudia ahadi sauti ilinikatika. Nasema ni vumbi.
Bia za Piusi hazikufika. Lori limekwama njiani. Wageni walikuwa wakitazama vikombe vitupu, na Piusi alikuwa ananitazama mimi, kidogo kwa huruma, jambo baya zaidi. Mara tukasikia vigelegele barabarani. Lembris, Nalotuesha, na wazee wawili, wamebeba vibuyu vikubwa vya mvinyo. Asali yao wenyewe. Walikuwa wameulizia nyumba ya mwenye Landirova. Wakaelekezwa kwa Piusi, naye akawaongoza hadi kwangu, akitembea mbele kama askofu.
Wageni wote wamemshukuru Piusi. Katekista amemwombea.
Kisha Lembris akasimama. Alisema wazee hawawezi kunywa asali ya mtu aliyekosa mke, wakamwacha na kiu pia. Akasimulia posa yangu tangu mwanzo, suti ikiwemo. Watu walilia kwa kicheko. Piusi alilazimika kushikiliwa. Hyasinta alininywesha kwa mkono wake, akaniambia sikioni kwamba angeulizwa leo, angenikubali tena, bila asali.
Nimeandika hilo ili lisipotee. Moyo wangu umejaa shukrani.

Jumatatu, 16 Agosti
Kichwa kinauma. Piusi amepita asubuhi kuchukua Landirova. Ameniita "bwana harusi" na kutangaza kwamba kinywaji cha Krismasi pia kitatoka kwake, maana watu sasa wamemzoea.
Nimetafakari kosa lilikuwa wapi. Mpango wenyewe ulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenda na Hyasinta. Alichekacheka, shughuli ikakosa uzito. Tena asali ilikuwa kidogo.
Nimesikia kuna Mzee Olais, huko Sale, anayempita hata Lembris kwa mapishi. Nitakwenda peke yangu, na madebe mawili. Nimeulizia habari zake na zinatia moyo: ana mabinti watano, watu wazima, wote bado wako nyumbani. Mikono ikiwa mingi namna hiyo, mvinyo hautachelewa.