Kivuko cha Majaribio

Sostenes hakuwa na nia ya kushuka Ikungi. Nauli aliyolipa ilikuwa ya kumfikisha Dodoma, na huko Singida mjini alikotoka aliacha watu ambao hakupenda wamwulize alikokuwa. Lakini basi liliposimama ili abiria wanyooshe miguu, aliona dirishani vijana wakipigilia vigingi vyekundu kandokando ya barabara kuu. Na nyuma ya vijana hao akaona jambo tamu kuliko vigingi. Wenye maduka walikuwa wamesimama milangoni, shingo zimenyooka kama za kanga waliosikia mbwa, na kila mmoja alikuwa akikitazama kigingi cha jirani yake.

Sostenes alishuka na begi lake. Basi likaondoka, naye hakulitazama.

Aliingia mgahawa uliokuwa ukielekeana na lango la soko, akaagiza chai. Mwenye mgahawa aliitwa Evodia, mjane wa makamo. Miguu yake ilipooza tangu utotoni, naye alitembelea baiskeli ya magurudumu matatu iliyoendeshwa kwa mikono, na mikono hiyo ilitosha kumwangusha fahali.

"Shikamoo, mama. Vigingi vile ni vya nini?"

"Marahaba, baba. Wanasema barabara itapangwa upya. Kutakuwa na njia ya waenda kwa miguu, njia ya baiskeli, na kivuko cha mistari myeupe. Wanasema mwakani." Evodia akaifuta meza kwa nguvu. "Soko liko pale, mimi niko hapa, na katikati kuna malori yanayokwenda Rwanda. Nikitaka nyanya asubuhi, nasimama ukingoni mpaka chai ya wateja inapoa. Mwaka jana lori lilinipokonya gurudumu la nyuma, likaenda zake. Huo mwakani nitaukuta?"

"Na hicho kivuko kitawekwa wapi?"

"Hakuna ajuaye. Ndiyo maana unawaona wale hawalali."

Sostenes akakoroga chai yake polepole. Mtu mwema akisikia habari kama hiyo humhurumia mama. Sostenes naye alimhurumia. Lakini huruma yake ilikuwa kama mgeni mstaarabu, haikukaa muda mrefu.

Ujanani mwake aliwahi kuwabebea wapima ardhi mnyororo wao, mpaka siku walipotambua kwamba mnyororo umeuzwa. Elimu hiyo haikupotea. Jioni alikuwa amepanga chumba nyuma ya mgahawa wa Evodia. Kesho yake alivaa kizibao cha kung'aa na kofia ngumu alivyovitoa begini, akachukua utepe wa kupimia, akatembea barabarani akikunja uso. Kukunja uso ndiyo nusu ya utaalamu.

Wa kwanza kumwita alikuwa Mzee Laurenti, muuza mabati na misumari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa barabara?"

"Mimi ni wa wasafiri, mzee. Barabara ni mawe tu." Sostenes akavua kofia kwa heshima. "Zamani walijenga kwa ajili ya gari peke yake. Sasa tunauliza: mwenye miguu apite wapi? Mwenye baiskeli? Mwenye mkokoteni? Mama mwenye mtoto mgongoni na debe kichwani? Mchungaji na mbuzi wake? Wote hao ni wasafiri, na barabara ni ya wote."

Na hapa ndipo uovu wa mtu huyu ulipojificha: katika maneno hayo yote hapakuwa na uongo hata mmoja. Aliyapata kwa vijana wa vigingi, kwa gharama ya maandazi. Uongo ulianza pale alipofungua utepe.

"Kivuko kikiwa mbele ya duka, kila gari husimama mbele ya duka. Dereva akisimama, hutazama. Akitazama, huona. Akiona..."

"Hununua," Laurenti akamalizia, kama mkatekumeni anayejua jibu.

"Mimi sikusema. Umesema wewe, mzee."

Laurenti akatazama kushoto na kulia. "Na kikiwekwa kwa Klara?"

"Basi watanunua vitenge."

Lori likapita. "Mtaalamu," Laurenti akanong'ona, "wewe unakula nini?"

Sostenes alikuwa na kanuni: hapokei fedha. Fedha hupita kwenye simu na kuacha nyayo. Kuku huacha manyoya tu. Basi Laurenti akaleta majogoo wa kienyeji, wale wa Singida ambao Dodoma hununuliwa kwa ugomvi. Klara wa vitenge, aliyeambiwa kwamba kivuko kinaelekea kwa Laurenti, alileta ndoo za asali ya Issuna. Alute, mwenye mashine ya kukamua alizeti, aliambiwa kwamba kinaelekea kwa Klara; naye akaleta madumu ya mafuta na mbuzi dume mwenye hasira. Kila mmoja alipita mlango wa nyuma, na kila mmoja aliapishwa kutosema. Evodia alifungua banda lake na stoo yake, akapokea vyote bila kuuliza, akawapa kuku maji.

Ila tamaa ni shamba linalodai palizi. Haikupita juma, wale watatu wakaanza kumvizia.

"Mtaalamu, kazi haionekani," alisema Klara.

"Mtaalamu, jogoo hatagi lakini huwika," alisema Laurenti. "Wewe mbona kimya?"

Sostenes akaona hatari. Akichora mistari kwa mmoja, wawili watamla mbichi. Asipochora, watamla wote. Alikaa mgahawani ameshika tama.

"Mtaalamu, chai inapoa," alisema Evodia.

"Mama, kuna watu wagumu mji huu."

"Si uchore kidogo uwatulize? Chora hapa kwangu, kutoka mlango huu mpaka lango la soko. Mimi sina duka la kuonewa wivu. Waambie ni cha majaribio."

Sostenes akamtazama kama aliyetazama malaika mwenye aproni. Jumapili baada ya ibada, magari yakiwa machache, alikoroga chokaa, akanyoosha kamba, akachora. Akawaambia wale watatu, kila mmoja sikioni mwake: "Hiki ni cha majaribio. Chako kinafuata." Wakaridhika.

Kisha Evodia akaja na baiskeli yake. Alifika ukingoni, akauinua mkono. Lori refu la mizigo lilikuja likinguruma, likaona mistari myeupe, likapunguza mwendo, likasimama likikoroma. Evodia akavuka. Hakukimbia, alivuka kama bibi harusi anayeingia kanisani. Alipofika langoni aligeuka, akapunga.

Sostenes alihisi kitu kifuani ambacho hakukizoea. Akadhani ni maharage.

Siku ya mnada ndiyo aliyoichagua kuondoka, kwa sababu siku hiyo magari huwa mengi na macho huwa machache. Rafiki yake Benson, dereva wa Fuso, alifika asubuhi na kuingiza gari uani kwa Evodia.

"Oya, mzigo wenyewe mbona wa kifalme!" Benson alishangaa. "Umeoa huku?"

"Pakia, acha maneno."

Evodia mwenyewe aliwafunga kuku miguu, akayapanga madumu, akamsukuma mbuzi. "Safari njema, mtaalamu," alisema, kisha akatangulia nje kwa baiskeli yake. Sostenes alipanda mbele, akafunga mkanda, akafumba macho, akaiona Dodoma.

Fuso lilitoka getini, likakanyaga mistari myeupe, likasimama.

"Vipi?" Sostenes akauliza akiwa bado amefumba macho.

"Watu," Benson akajibu. "Broo, watu wote."

Sostenes akafumbua macho. Kivuko kilikuwa kimejaa. Walikuwapo mchungaji na shehe, diwani katika suti yake ya misiba na harusi, wanakwaya, wachunga ng'ombe wenye fimbo, waendesha baiskeli, wasukuma mikokoteni. Na mbele yao wote Evodia, mkononi ana kipaza sauti cha kwaya.

"Mgeni rasmi amefika!" alitangaza. "Na amekuja na mzigo, kama alivyoahidi!"

Vigelegele vikapaa. Mlango wa Fuso ukafunguliwa na mikono mingi, na Sostenes akashushwa kama sanduku la agano.

"Ndugu zangu," Evodia akaendelea, "wamekuwapo wanaonong'ona kwamba mtaalamu huyu anapokea vitu kwa mlango wa nyuma. Ni kweli! Amepokea michango ya kivuko hiki: ya kujengea matuta, na mteremko wa kupitisha magurudumu kama yangu. Mzee Laurenti ametoa majogoo. Hakutaka ajulikane, kwa unyenyekevu wake. Tumpigie makofi!"

Laurenti alifungua kinywa. Angesema nini? Aseme kwamba hakuchangia, bali alihonga? Akafunga kinywa, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Klara ametoa asali!" Makofi. Klara akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole kanisani. "Alute ametoa mafuta na mbuzi!" Alute akamtazama Sostenes, Sostenes akamtazama mbuzi, na mbuzi peke yake ndiye aliyesema alichokuwa nacho moyoni.

Sasa, huku kwetu mavuno yaletwayo kwa ajili ya wote hayagawanywi kimyakimya. Hunadiwa hapohapo, na anayefungua mnada ni mgeni rasmi. Mgeni rasmi asiyetoa hupewa jina ambalo hata wajukuu wake hulirithi. Evodia alinyanyua jogoo mwembamba kuliko wote.

"Mtaalamu anaanza na ngapi?"

Mamia ya macho yakamgeukia. Sostenes akatia mkono mfukoni, na mfuko haukubaki na kitu. Akakabidhiwa jogoo.

Baada ya hapo mnada ukawaka. Klara aliponyoosha mkono kuwataka majogoo wa Laurenti, Laurenti akapandisha. Hakuwa tayari kumwona mwenzake akila jogoo wake. Akawanunua kuku wake mwenyewe kwa bei ambayo hakuwahi kuisikia. Alute aliinunua asali ili kumkomoa Klara, na Klara akamnunua mbuzi kwa hasira, asijue atamfanyia nini. Kabla jua halijafika utosini, matuta na mteremko vilikuwa vimepata saruji yake, kokoto zake na mafundi wake. Na mwaka uliofuata, wahandisi wa kweli walipofika, walikuta mji mzima umekwisha kuzoea kuvukia hapo. Wakaongeza rangi tu.

Lakini hayo ni ya mwaka uliofuata. Siku ile Benson alitoa kichwa dirishani.

"Kwa hiyo mzigo hakuna?"

"Hakuna."

"Na mafuta ya gari?"

Sostenes akamwonyesha jogoo.

"Kaka, mimi na wewe hatujuani," alisema Benson, akawasha gari.

Watu walipotawanyika, Sostenes alimsogelea Evodia. "Mama, ulinijua lini?"

"Siku ya kwanza, baba. Mtu wa ofisi akinywa chai huomba risiti akadai fedha zake kazini. Wewe ulikunywa ya kwanza hukuomba, na juma zima hukuomba hata moja."

"Na hukunishtaki?"

"Ungefungwa, nani angenichorea?" Akamtengeneza jogoo kwapani mwa Sostenes, kama mama anayempeleka mtoto shule. "Vuka sasa. Magari ya Dodoma yanasimama upande ule."

Sostenes akasogea ukingoni. Fuso la Benson, lililokuwa limekwenda kugeuza, ndilo lililokuwa likija, likiongeza mwendo. Akaunyanyua mkono. Fuso likaona mistari myeupe, likasita, likasimama. Na Benson, asiyemjua, akamngoja.

Akavuka polepole, kwa haki yake yote. Akasimama upande wa pili, msafiri kamili: gari hana, baiskeli hana, nauli hana, ana miguu yake miwili, na miwili ya jogoo.