Toleo la Tisa

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Jambo hili sijamwambia mtu, hata mama: sijawahi kujenga programu. Wiki iliyopita bosi wa karakana ya kompyuta aliniuliza kama najua kuijenga kutoka kwenye msimbo wake, yaani yale maelekezo yake yaliyoandikwa. Nikaitikia kwa kichwa. Mdomo wangu haukusema uongo. Kichwa ndicho kilichosema.

Leo nimeanza majaribio. Tuko wawili, nafasi ni moja. Mwenzangu nimempa jina la Kasuku, maana anaanza kuongea kabla hajaingia ndani. Jumamosi bosi atachagua. Nikikosa, nakwenda saluni kwa shangazi, kushika vitana na kupiga soga na wateja kutwa nzima. Shangazi ameshaninunulia aproni. Anasema mdomo utafunguka wenyewe.

Kazi yenyewe: mwenye kiwanda cha mikate ana kompyuta mbili za kuchapa lebo. Mimi naandaa ya mikate, Kasuku ya keki. Programu ni ile ile. Lebo iwe na jina, uzito na tarehe ya mwisho wa kuliwa. Bosi amesema ni kazi ndogo. Nimeitikia kwa kichwa.

Jumanne, tarehe 4 Februari

Nimepata rafiki. Ni amri inayoandikwa kwenye lile dirisha jeusi la kompyuta, pkg-config. Programu haijengwi bila maktaba. Si za vitabu. Ni vipande vilivyotengenezwa na wengine ili wewe usianze kila kitu upya. Sasa amri hii unaitajia jina la maktaba, nayo inakwambia kama imo, ni toleo gani, imekaa folda gani, na kompaila, ile inayougeuza msimbo kuwa programu, iambiwe nini ili iipate. Basi. Haiongezi neno. Haikutazami usoni. Haiulizi mbona uko kimya. Nimeiita Karani. Watu wote wangekuwa hivi, ningekuwa mtu wa mikutano.

Ila kuna tatizo. Programu ya lebo inataka maktaba ya kuchora, toleo la 2. Nimemuuliza Karani. Kasema iliyopo ni 1.8. Ujenzi ukagoma.

Toleo la 2 limo kwenye diski, ndani ya droo ya bosi. Ni kwenda kuomba tu. Lakini kutoka kiti changu hadi meza yake ni kama kuvuka uwanja wa mpira huku watazamaji wamejaa. Kasuku alipokwama pale pale, alipaza sauti karakana nzima isikie: hajui, anaomba aelekezwe. Bosi akampa diski, akakaa naye mpaka ikakubali. Aibu niliyoiona kwa niaba yake! Mtu mzima anakiri mbele za watu.

Baadaye akaniuliza kama naitaka ile diski. Nikamwambia mimi hapo nilishapita zamani.

Nafasi ni yangu.

Jumatano, tarehe 5 Februari

Nimegundua siri ya Karani. Hajui kitu! Kila maktaba ina faili lake dogo la maandishi: jina, toleo, folda, mistari michache tu. Karani analisoma na kukariri. Hapa karakana, kwenye kila kompyuta, mafaili hayo yamekaa folda ya wote wanaoitumia, hayana hata kufuli.

Nimelifungua. Nimefuta 1.8, nikaandika 2.0. Kisha nikawaza: je, siku moja programu ikitaka 3? Au 5? Nikaweka akiba. Nikaandika 9.0.

Nikamuuliza Karani. Akajibu 9.0 bila kusita. Ujenzi ukaendelea.

Halafu kompaila ikaanza kunung'unika. Kuna mistari kwenye msimbo inaita vitu ambavyo haijawahi kuvisikia. Nimeifuta. Manung'uniko yakaisha. Sijui mistari ile ilikuwa inafanya nini. Haikuwa na sura ya umuhimu.

Nimemwambia mama mambo ni mazuri. Kasema atamwambia shangazi airudishe aproni dukani.

Alhamisi, tarehe 6 Februari

Kompyuta zote mbili zimekwenda kiwandani. Yangu ilitangulia kuwa tayari. Bosi alinipongeza, kisha akabaki amesimama akinitazama, kama anangoja niseme neno. Nikaitikia kwa kichwa. Nimekuja kukumbuka jioni: neno lenyewe huenda lilikuwa asante.

Ijumaa, tarehe 7 Februari

Mwenye mikate amekuja mwenyewe, na kreti zima la mikate, na kompyuta chini ya kwapa. Akaipanga mikate kwenye meza ya bosi, mmoja mmoja, bila haraka. Jina lipo. Uzito upo. Pa tarehe ni peupe. Akaeleza kwamba maduka yameirudisha yote, kwamba keki hazina tatizo, na kwamba angependa kumjua aliyeshika upande wa mikate.

Nikavitazama viatu vyangu. Bosi naye akavitazama.

Akaiwasha kompyuta, akamuuliza Karani toleo la maktaba ya kuchora. Akauliza tena, kama mtu asiyeamini macho yake.

"Tisa," akasema. "Walioitunga wenyewe bado wako kwenye mbili."

"Labda hii wametuletea wajukuu zao, bosi," Kasuku akasema.

Mwenye mikate akacheka. Hapo hata saluni niliitamani.

Bosi hakucheka. "Binti, chombo hiki hakina akili. Kinasoma alichoandika mtu. Nani ameandika tisa?"

"Mimi."

"Na diski ilikuwa wapi?"

"Kwenye droo yako."

"Droo ilikuwa imefungwa?"

Haikuwa imefungwa. Ilikuwa wazi kidogo, hata ncha ya diski ilikuwa inaonekana.

Tumejenga upya, mimi na Kasuku, kwa toleo la 2 la kweli, na mistari yangu niliyoifuta ikarudi. Ndiyo iliyokuwa inaandika tarehe. Wakati tunangoja, Kasuku aliongea bila kuombwa. Akasema Karani, ukitaka, unaweza kumwambia aanzie folda unayoichagua wewe kabla ya kwenda ile ya wote. Nilijifanya sisikilizi.

Jumamosi, tarehe 8 Februari

Bosi amemchukua Kasuku.

Mimi ameniongezea wiki moja, kwa kuwa mwenye mikate anafungua tawi na huenda ikahitajika mikono zaidi. Sharti ni moja. Kila siku kabla ya chakula cha mchana niulize swali, kwa sauti, ambalo jibu lake silijui. Siku nitakayoruka, nisirudi. Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Kasuku kanishika bega, kanipa moyo: kuuliza hakuumi, dada, unazoea. Rahisi kusema, ukiwa umeumbwa hivyo.

Shangazi ametuma salamu. Dukani wamekataa kuipokea aproni.

Jumapili, tarehe 9 Februari

Leo nimekaa kitako, nimeyatafakari makosa yangu bila kujionea huruma. Kosa lilikuwa ile tisa. Tamaa tu. Ningebaki kwenye mbili, nani angeshtuka?

Kosa jingine, nililichafua faili la watu wote. Huo haukuwa ustaarabu. Kwa hiyo nimetengeneza folda yangu mwenyewe, na Karani ataanzia humo. Ndani yake kila maktaba ina toleo la adabu: 2.1, 2.3, moja tu ndiyo 3.0. Maswali ya kumuuliza bosi nayo yako tayari. Nimeyatunga ya wiki nzima, pamoja na majibu yake, ili akinijibu nijue kama amepatia.

Folda nimeipa jina Picha za Harusi ya Mjomba. Hakuna atakayeifungua.

Wewe unayesoma, tafadhali, hili libaki kati yetu. Ukipita karakana wiki hii, nisalimie tu, halafu nenda zako.