Tanuri la Kuteketeza Alizeti Pori

…na ndiyo maana, kabla kipaza sauti hakijazimika, nilikuwa nasema kwamba moto ni sayansi. Mheshimiwa Mgeni Rasmi ambaye hajafika, waheshimiwa wenyeviti wa mitaa ya Makambako, watendaji, wataalamu, wadau wa maendeleo, wazee wa parokia, wanakwaya, na kwa unyenyekevu mkubwa, mke wangu wa wiki tatu, Feliciana, uliyekaa hapo mbele na kitenge cha njano ukanipotezea aya nzima ya pili: Tumsifu Yesu Kristo! (Milele amina! Feliciana anaficha uso.)

Mimi, Odilo, Mwenyekiti wa Kikosi Kazi cha Uteketezaji Salama wa Mimea Vamizi, natamka kuwa tangu tuwaagize mng'oe alizeti pori kwenye nyua zenu na kuzirundika kando, mkisubiri gari la kuzipeleka kwenye tanuri letu la kisasa, utekelezaji umefikia asilimia mia moja na nane (makofi machache), ikiwemo shehena iliyotoka Njombe kwa pikapu, na maua yake, ikapamba kimkakati ukumbi wa harusi yetu, na kila mgeni akaondoka na shada lake hadi Igwachanya, Matembwe na hata Manda, hivyo mradi umeenea mkoa mzima. (Vicheko.) Feliciana, ulivyong'aa katikati ya magugu yale!

(Yunisi, mkulima wa viazi, anasimama: "Mheshimiwa, gari halijaja! Rundo limenyeshewa, vijiti vimetoa mizizi, vimeingia kwenye shamba langu. Viazi nitapanda wapi?")

Mama, hiyo ni data muhimu sana. Hata mimi tangu nioe nimechipua.

("Jibu swali, bwana harusi!")

Naam! Magugu! (Anainua ngumi, akingoja waitikie "Yateketezwe!") Nimesema, magugu! ("Yameota!")

Nihitimishe kwa kumshukuru mzee Joackim, aliyetuazima tanuri lake la matofali tukalipigia picha ya uzinduzi, kisha akalibomoa na kutuletea matofali yote kama zawadi ya harusi, na leo ndiyo chumba chetu cha kulala, chenye joto la ajabu. (Feliciana anacheka. Yunisi hacheki.) Nawe mama, magugu yako usiyachome, usiyatupe mtoni, usiwape mbuzi, huo ndio usalama wenyewe. Yaache yachanue. Kabla ya mwezi huu kuisha, mimi na Feliciana tutakuja kwako, tumeshikana mikono, kuchuma ya kupambia sebule.