Tawi la Mnyaa kwenye Swichi Kubwa

Kifuniko cha sufuria kilianguka sakafuni gizani, kikazunguka, kikazunguka, mpaka kikachoka chenyewe. Alikuwa mume wangu Ojiambo, anatafuta uji bila kuwasha taa ili asimwamshe mtoto. Mtoto akaamka.

"Pole, Mama Emmy," akaninong'oneza. "Leo nakwenda kuingia ndani ya mikisa."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, na nilikuwa na sababu. Mimi ni Katibu wa Kamati ya Usalama, Itifaki na Heshima ya Swichi, na asubuhi hiyo, mbele ya wageni, kamati yetu ingetangaza rasmi kwamba kiwanda chetu cha chakula cha kuku, pale kando ya barabara ya Tororo kwenda Malaba, kimeishinda hatari. Hatari yenyewe ilikuwa imeshaarifiwa.

Kwa wasioijua mikisa, ni pipa la chuma lenye ukubwa wa chumba cha kupanga. Ndani yake kuna mapanga yanayozunguka na kuchanganya mahindi, dagaa na chokaa. Mchanganyiko ukigandia kwenye mapanga, lazima mtu aingie na patasi akwangue. Mtu huyo ni Ojiambo, kwa sababu ni mwembamba. Swichi ya kuyazungusha mapanga iko nje, ukutani, upande wa pili, ambako aliye ndani haonekani wala hasikiki.

Mimi nilisoma masomo ya jioni Busia, upande wa Kenya, Emmy akiwa mgongoni. Mwalimu wetu wa usalama hakuwa na maneno mengi. Anayeingia ndani ya mashine anakata umeme, anafunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe, ufunguo anautia mfukoni mwake, kisha anabonyeza kitufe cha kuwasha ahakikishe kwamba kweli imekufa. Nililipeleka wazo hilo kwenye kamati, nayo ikalipokea kwa makofi. Makufuli yakanunuliwa, mekundu, mazuri, mpaka unatamani kuyavaa kanisani.

Hapo ndipo uongozi ulipoonyesha kuona mbali. Meneja Mkuu wetu, Bwana Ojangole, alifanya tathmini ya kina akagundua kwamba hatari kubwa kuliko zote kiwandani ni sukari ya ofisini, inayopungua bila maelezo. Kufuli la kwanza likaenda kwenye kabati la sukari. Lililofuata, kwenye choo cha wakubwa. Mengine yakagawanywa kwa haki: friji, toroli, redio, na sanduku la maoni, ili maoni yasije yakatoka ovyo. Tulipoifikia swichi, makufuli yalikuwa yameisha.

"Bosi, na Ojiambo je?" nikauliza kikaoni.

"Ojiambo ataibiwa na nani?"

Lakini hakuniacha hivyo, ni mtu wa huruma. "Katibu," akasema, "wewe umekulia kwenye barabara hii. Lori likiharibika njiani, dereva anafanya nini?"

"Anakata matawi, mzee. Anayatandaza barabarani."

"Na magari mengine?"

"Yanaona majani, yanapunguza mwendo."

"Sasa hapo umeona kufuli?"

Kamati nzima ikatazamana. Ilikuwa kweli. Matrela yote yanayopita Malaba, kutoka bandarini mpaka Kongo, yanalindwa na majani. Ndivyo ulivyozaliwa Mwongozo wa Tawi: mtu akiingia kwenye mikisa, tawi bichi linaning'inizwa kwenye swichi, na kila mwenye akili anaelewa.

Mwongozo ulifanya kazi vizuri sana hadi alipokuja mbuzi. Mbuzi huyo ni wa Proscovia, mpishi wetu, na hakuwa amehudhuria semina. Alilikuta tawi la mpera kwenye swichi akalila lote. Ronald, anayeendesha mikisa, akarudi kutoka kunywa chai, hakuona jani, akawasha. Ojiambo alikuwa ametoka mara moja kufuata patasi. Fagio lake halikutoka. Wiki ile kuku wa Tororo walikula fagio.

Jioni yake Ojiambo alimpakata Emmy muda mrefu. Mimi nilikaa naitazama mikono yake, yote miwili, nikashindwa hata kupika.

Kamati ilikutana kwa dharura na kumkuta mbuzi na hatia. Proscovia akaja juu. "Banange, mbuzi anajua nini mambo ya swichi? Nyinyi ndio mmemwandalia chakula!" Alinyamazishwa kwa kufuata utaratibu. Kisha tukauboresha mwongozo. Badala ya mpera, litatumika tawi la mnyaa, ule wa kwenye ua, wenye utomvu mweupe, ambao mbuzi wetu hata kuunusa hataki. Meneja aliuita teknolojia.

Basi wageni wakafika. Mkubwa wao alikuwa Madamu Anyango, mnunuzi kutoka Busia ya ng'ambo, ambaye hakuwa tayari kuagiza hata gunia moja kabla ya kuona watu wetu wanavyofanya kazi. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Emmy alikuwa pamoja nami, ameshika sketi yangu.

Meneja akahutubia. Alieleza safari ndefu ya kiwanda kutoka gizani hadi kwenye tawi. Ronald akaizima mikisa. Meneja akalitwaa tawi la mnyaa kwa mikono miwili, akalining'iniza kwenye swichi kama anayemvisha mtu nishani. Tukapiga makofi.

"Ojiambo, ingia."

Ojiambo akafuta viganja kwenye suruali. Akanitazama, akamtazama Emmy, akaitazama ile ngazi. Nami pale pale, nikiwa katibu, nikaona dosari ya itifaki. Kiwandani kwetu hakuna jambo linaloanza kabla Meneja Mkuu hajalianza. Chai haimiminwi mpaka yeye amiminiwe. Hata choo cha wakubwa alikizindua yeye, na utepe ukakatwa.

"Samahani, mzee," nikasema, sauti ikinitetemeka kwa heshima. "Huu ni uzinduzi. Mbele ya wageni hawa, mfanyakazi wa chini amtangulie Meneja Mkuu?"

Kutoka nyuma mtu akasema, "Haiwezekani!"

"Ni dharau hiyo!" wakaitikia wapakiaji.

Proscovia akapiga kigelegele.

Madamu Anyango akakunja mikono. "Ni kweli, bana. Bosi, si uingie tu? Majani si hayo hapo?"

Meneja akacheka. Hakupata wa kucheka naye. Akavua koti, akapanda ngazi, akaingiza mguu mmoja ndani ya mikisa, akabaki pale, mguu ndani, mguu nje.

"Ronald yuko wapi?"

"Niko hapa, mzee!"

"Hapa wapi?"

"Hapa kwa swichi. Si ndiyo kazi yangu?"

"Ronald, inua mikono."

Ronald akainua mikono.

"Yote!"

"Mzee, iko miwili tu."

"Na mbuzi?"

"Amefungwa!" Proscovia akajibu. "Kwa kamba. Kufuli hamkumpa."

Meneja akavuta pumzi. Mguu wa pili ukainuka kidogo, ukarudi.

"Mzee," Ronald akaita, "pua inaniwasha."

"Usiikune!"

Mguu ukatoka nje. Meneja akashuka, akajifuta jasho, na kwa sauti ya hotuba iliyoandaliwa kwa siku nyingi akatangaza kwamba, kwa kuzingatia hadhi ya anayeingia, utaratibu umepandishwa daraja. "Leteni makufuli."

"La sukari pia?" nikauliza.

"La sukari pia."

"Na la choo, mzee?"

"Yote, Katibu! Yote!"

Ulikuwa mwamko mkubwa wa kitaifa. Kabati likafunguliwa, na sukari ikaonekana hadharani. Wapakiaji wawili walioingia choo cha wakubwa walirudi wakikisifu. Sanduku la maoni lilikutwa na buibui mmoja, hana malalamiko. Kufuli la kwanza likapita kwenye tundu la swichi, la pili likashikana na la kwanza, la tatu na la pili, mpaka mnyororo mwekundu ukaning'inia kama shanga za bibi harusi. Funguo zote zikaingia mfuko mmoja, wa Meneja.

"Ronald, sasa bonyeza."

Ronald akashusha mkono, akabonyeza. Kimya.

"Bonyeza kwa nguvu, kama mtu aliyekula!"

Kimya.

"Sawa. Rudisha mikono juu."

Ndipo Meneja Mkuu akaingia ndani ya mikisa, anatembea kama anakwenda kukata keki. Tulimsikia akiyagonga mapanga kwa patasi, halafu tukamsikia akiimba. Alikaa humo hadi Madamu Anyango akaanza kutazama simu. Alipotoka alikuwa mweupe wa unga mpaka kwenye kope, ananuka dagaa, na anapunga mkono.

"Mmejionea wenyewe," akasema. "Mwongozo wa Tawi ni salama kabisa."

Nikaandika hivyo. Mimi ni katibu.

Kisha akayafungua makufuli moja moja, akayatupia kwenye beseni la Proscovia, kila moja na ufunguo wake, ili yarudi kwenye vituo vyake vya kazi. Swichi ikabaki na tawi la mnyaa peke yake. Lilikuwa limeinama. Akalinyoosha.

"Haya, itifaki imekamilika. Ojiambo, ingia."

Ojiambo akaweka mguu kwenye ngazi. Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu niteuliwe, sikupata kifungu chochote cha kusema. Wapakiaji walitazama chini. Ronald alikuwa bado mikono juu.

Emmy akaiachia sketi yangu. Alipita mbele ya kamati nzima, akachuchumaa kwenye beseni, akachagua, akachagua, akatoa kufuli moja akalifuta kwa gauni lake. Meneja akainama kwa lile tabasamu la wageni, akanyoosha mkono apokee. Emmy akampita. Akafika kwenye ngazi, akamwinulia baba yake lile kufuli, ufunguo ukiwa unaning'inia, akasema kwa sauti ambayo wa huku na wa ng'ambo wote waliisikia:

"Hii ni ya baba."