Ombi la Bawaba za Geti la Baba Mkwe

Nyumbani kwangu,
Jumamosi asubuhi.

Kwa Baba Mkwe,
Fundi Chuma Mstaafu,
Mwenye Geti la Kijani.

Kuhusu: Bawaba mbili za geti lako, pamoja na malalamiko yanayoambatana nazo

Shikamoo Mzee wangu. Mimi ni mzima, isipokuwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, ambavyo nitavieleza katika kipengele cha tatu.

Leo ni siku ya nane tangu binti yako aje kwenu na wajukuu wako wawili, na sina shaka umeshasikia upande mmoja wa habari. Mimi ni karani wa masjala kwa mwaka wa kumi na nne sasa, na jambo moja ninalolijua vizuri ni kwamba jalada lenye barua moja halijakamilika. Naomba hii uiweke kuwa ya pili.

Kwanza nikukumbushe chanzo, maana watu wamesahau kwamba yote haya yalianza kwa heshima. Mwaka jana nilikuchukueni wewe na mama mkwe kwenda harusini kwa lile gari langu. Wewe ulikaa mbele, kama inavyostahili. Mama mkwe alikaa nyuma pamoja na tairi la akiba, kwa sababu gari lile halina mahali pengine pa kuliweka. Alikuwa amevaa gauni jeupe aliloshonewa na binti yake kwa wiki mbili. Aliposhuka alikuwa na duara jeusi mgongoni, kamili, hata alama za kashata za tairi zilisomeka. Alikaa harusi nzima ameegemea ukuta. Hakusema neno. Mzee, mama mkwe akilalamika unaomba radhi yanaisha. Akinyamaza, mkwe mwenye akili anatafuta la kufanya. Nikaapa siku ile ile kwamba tairi lile halitakaa tena na mzazi wangu.

Kwa hiyo nikaamua lining'inie nje, nyuma ya gari. Wewe ni fundi, utanielewa upesi. Mlango wa nyuma ni bati jembamba, haubebi kilo thelathini. Inatakiwa mkono wa chuma ufungwe kwenye bampa, tairi likae juu yake, na ukitaka kufungua mlango unauvuta mkono unazunguka pembeni. Upande mmoja komeo, upande wa pili bawaba. Mkono wenyewe ulichomelewa alasiri moja na fundi wa pale kona, yule tunayemwita Cheche. Alipomaliza akavua miwani yake akaniuliza: "Bawaba gani?" Swali hilo aliniuliza miezi mitano iliyopita, na ndilo lililotufikisha hapa.

Sasa malalamiko.

1. Nalalamikia duka la vifaa vya ujenzi. Nilipoomba bawaba, muuzaji aliuliza ni ya mlango wa nini. Nikamjibu kwa ukweli kuwa ni ya tairi. Akamwita mwenzake atoke stoo aje asikie. Niliuziwa jozi ambayo boksi lake lilichorwa nyumba yenye maua mlangoni, na siku ya pili tairi lilikuwa limeinamisha kichwa mpaka linagusa bomba la moshi. Nilirudisha. Walisema haikusudiwi kwa tairi. Nikawauliza kwa nini basi hawakuandika kwenye boksi, na muuzaji akaniambia kwamba hawakuandika pia kuwa haikusudiwi kwa ng'ombe.

2. Nalalamikia kutothaminiwa. Baada ya kushindwa dukani niligundua kwamba bawaba nene kuliko zote katika nyumba yangu ziko kwenye mlango wa bafu. Nikazifungua kwa majaribio. Bafu nikaliwekea pazia zuri tu, la maua, na nikawafundisha wajukuu wako waimbe kila wanapooga ili mtu asiingie. Wameendelea sana, Mzee. Yule mkubwa sasa ana sauti ya kwanza. Lakini binti yako, badala ya kuona malezi, alisimama koridoni na taulo akaniambia: "Baba watoto, bafu lenye pazia ni jukwaa." Nikamweleza kwamba ni la muda. Nakiri kwamba hiyo ilikuwa miezi mitatu iliyopita, na nakiri pia kwamba wageni waliokuja kututembelea walijikuta wanaimba nyimbo ambazo hawakuzikusudia. Bawaba zenyewe hazikufaa. Tairi lilizivuta zikafunguka kama kurasa.

3. Hapa ndipo penye vidole. Nilishauriwa na muuza vyuma chakavu nitumie ekseli na beringi za mkokoteni badala ya bawaba, kwa kuwa hazilegei. Ni kweli hazilegei. Tatizo lake ni kwamba mkono ulizunguka kwa ulaini usio na adabu, ukiupulizia unakwenda. Nilipokata kona ya pale kwa dobi, komeo likaruka, mkono ukafunguka wenyewe na tairi likapita juu ya kamba yake ya nguo. Sikujua. Nilifika nyumbani na suruali tatu za watu zimekaa juu ya tairi. Nilipokimbilia kufunga mkono kabla mke wangu hajaona, komeo likanibana vidole viwili, nikapiga kelele, na kwa hiyo akaona. Mojawapo ya suruali hizo aliishona yeye mwenyewe kwa mteja wake, ya kuvaa siku ya posa. Aliikung'uta, akaipiga pasi upya, akairudisha kwa dobi kwa miguu. Mpaka leo sijui alimwambia nini mteja.

4. Nalalamikia mdomo wa Cheche. Nimekwenda kwake mara kumi na moja na mara zote nimekwenda na bawaba mpya, yaani sijamrudia na kitu kile kile. Juzi alisema mbele ya watu kwamba tangu nianze kuchagua bawaba yeye ameoa na mkewe ana mimba. Sioni hilo linahusiana vipi na kuchomelea.

5. Kipengele hiki ndicho kikubwa na naomba ukisome ukiwa umekaa.

Unafahamu kwamba kichwa cha cherehani kimekaa juu ya bawaba mbili ndogo kwa nyuma, ili mshonaji akiinue anapotia mafuta. Mimi nilikuwa sifahamu. Miaka yote nimekaa nyumba moja na cherehani ile, na sikujua kwamba ina bawaba zisizolia, zisizolegea, na zinazobeba uzito wa chuma kila siku. Jumamosi iliyopita binti yako alipokwenda kununua uzi nilizifungua kwa lengo la kuzipima tu. Nilikuwa na rula na kalamu. Nilichora michoro miwili, mmoja kutoka juu, mmoja kutoka ubavuni, na nilikuwa nazirudisha, naapa, ila nilitoka kidogo kulinganisha na bampa.

Alirudi, akakaa, akaweka kola ya sare ya shule chini ya sindano, akakanyaga. Kichwa kikaenda nyuma, kikaanguka sakafuni na kola yake.

Alitoka nje, akaniona nimepiga magoti nyuma ya gari na bawaba zake mkononi, akanitazama, akarudi ndani. Alifungasha nguo za watoto, akabeba cherehani, mwili na kichwa, akaondoka. Mzee, mwanamke akiondoka na mkoba amekasirika. Akiondoka na cherehani amehama. Hilo ndilo ninalolilalamikia: kwamba amehama kwa sababu ya bawaba, wakati zote hizi nilizitafuta kwa ajili ya gauni la mama yake.

Baada ya kueleza hayo, naingia kwenye ombi.

Siku niliyokuja kuposa, ulinitoa nje ukanionyesha geti lako. Ulinieleza jinsi ulivyozitengeneza bawaba zake mwenyewe karakanani, pini nene kama kidole gumba, na tundu dogo la kupachikia grisi. Uliniambia: "Bawaba haisifiwi siku ya kufungwa. Isifie mwaka wa kumi." Mimi nilidhani unanionyesha geti. Nimehesabu, na mwaka huu ndio wa kumi. Nilipita barabara yenu juzi jioni, sikusimama, nikaona geti linafunguka kwa kidole cha mjukuu. Kwa hiyo zimefaulu, na ninaziomba.

Usinikatalie kabla hujasikia hoja. Geti linalinda vitu ambavyo haviendi popote; tairi la akiba linalinda watu walio safarini, na wewe mwenyewe ni abiria wa kiti cha mbele. Geti lako hufunguliwa labda mara kumi kwa siku. Bila bawaba, watu wawili wanaweza kulinyanyua na kulirudisha, na mashemeji zangu wana nguvu na hawana kazi kubwa mchana. Au mnaweza kuliacha limefungwa moja kwa moja na kupita kwa jirani, jambo ambalo litaimarisha ujirani. Au likae wazi daima, na asiwepo mtu wa kusimama nje akijiuliza kama anaruhusiwa kuingia. Hoja hii ya mwisho nimeifikiria sana.

Tena, kwa kuwa bawaba hizo ni mali ya ukoo, si vizuri ziondoke peke yake kama vitu vya mnada. Zitahitaji mwangalizi kutoka upande wenu, mtu anayezifahamu tangu utotoni, atakayeishi zilipo na kuzitia grisi. Nimewapitia watu wote wa ukoo wenu kwa haki, bila upendeleo, na ninampendekeza binti yako. Watoto wanaweza kuja naye kama wasaidizi wa mwangalizi. Nyumba ina nafasi. Kwa kweli nyumba sasa ina nafasi kupita kiasi. Jana nilioga nikajikuta naimba, na hakukuwa na mtu wa kuzuiwa asiingie.

Nasubiri majibu yako kwa maandishi au kwa vitendo. Spana ninazo.

Nisalimie mama mkwe, umwambie kiti cha nyuma kimesafishwa. Wasalimie mashemeji, uwaombe radhi kwa yale ya kunyanyua geti. Wasalimie wajukuu wako, na yule mdogo umwambie ubeti wa pili anaukosea. Na aliyekuja na cherehani msalimie pia, kama anapokea salamu.

Mkweo mtiifu,
Karani wa Masjala
(amesaini kwa mkono wa kulia, ambao uko salama)

Nyongeza: Mzee, haya nayaandika juu ya boneti, nikiwa nje ya geti lako. Nilikuja kuipenyeza barua hii chini ya geti na kuondoka, lakini hatua ishirini kabla ya kufika nimekanyaga msumari na tairi la mbele limeisha upepo. Nilifurahi, Mzee, nisikufiche. Nikasema leo ndiyo siku ya tairi la akiba kunitetea. Nikapiga jeki, nikafungua gurudumu, nikalileta la akiba. Gari langu lina bolti sita. Rimu ya tairi la akiba ina matundu matano.

Nimehesabu mara nne. Nililinunua kwa yule muuza vyuma chakavu miaka sita iliyopita na sijawahi kulijaribu, maana sikuwahi kupata pancha. Ina maana limekaa na mama mkwe harusini, limevunja mlango wa bafu langu, limebeba suruali za watu na kumhamisha mke wangu, na muda wote huo halikuwa tairi la gari langu.

Basi malalamiko namba moja hadi tano nayafuta. Ombi la bawaba za geti nalifuta pia. Nimezitazama kwa karibu, ni nzuri, ziacheni hapo hapo.

Nilikuja pia na bawaba mbili za cherehani. Nimezisafisha na kuzitia mafuta, na nilitaka kumpa mwenyewe mkononi. Lakini nikiwa hapa nimesikia cherehani inalia huko ndani, inakimbia vizuri kabisa, nikajua umeshamtengenezea bawaba nyingine. Sikutegemea sauti ile ingenitia hofu kiasi hiki. Nimekaa nikaisikiliza mpaka ikanyamaza.

Kwa hiyo hizi nimezitia ndani ya bahasha, ndiyo maana ni nzito. Ziwe za akiba. Mwambie nimezipima kwa ile michoro yangu miwili na matundu yanalingana.

Mimi niko hapa nje, nimekalia tairi. Mlango wa bafu niliurudisha jana. Naomba mnifungulie geti.