Namna Kasiksi Ilikauka ndani ya Bureau

Inajulishwa kwa batu bote ba kartie, benye masufuria na benye bidon tu, asema tangu sasa hakuna liquide, ni kusema kitu ya maji-maji, itatoka jikoni kwenda masomoni bila kupita kwanza kwa Commission ya Contrôle ya Liquides ya Nyumbani.

Commission iko na président, ni Chef Sikuli, mukubwa wa kartie, mtaa wetu hapa Butembo. Iko na secrétaire, ni Mumbere, mwenye kubeba kashe, ule muhuri wa kartie. Na miye Kahongya, mama muzee, nilitiwa kuwa Conseillère wa Mambo ya Jikoni juu nilifika na kiti yangu, na bureau haikuwa na ingine.

Mambo yote ilianza na mujukuu wangu Elsa. Masomo yao ilitengeneza exposition ya science, na mutoto mwenye atashinda atapelekwa Beni kushindana na ba kule. Elsa hajaona Beni hata siku moja. Alikuwa tayari amefua uniforme. Kazi yake ilikuwa kuona ni liquide gani ya nyumbani inakauka mbele ya zingine: kasiksi, ile pombe ya ndizi, maziwa, mafuta ya mawese, asali ya Manguredjipa, ao sabuni ya maji. Lakini alipita mbele ya bureau na ile chupa ya kasiksi mukononi.

"We mutoto! Unapeleka wapi ile?"

"Masomoni, papa chef. Ni ya science."

Chef alinusa. "Hii science imeiva muzuri. Unataka kuifanya nini?"

"Kuangalia kama inakauka."

"Kukauka!" Chef alishika kichwa. "Ile ni mambo ya sécurité. Na mito ikisikia vile?"

Mbele ya mambo makubwa kama ile, commission ilikata shauri asema chupa zote tano za Elsa zitalala bureau mpaka siku ya exposition, zimefungwa, kashe juu.

Elsa alilia. "Koko, chupa yenye kufungwa haikauke! Beni yangu imekufa."

"Heshimu serikali, mama yangu," nikamuambia. "Kamata bic, piga alama pahali kila liquide inafika. Na tuweke zingine sawasawa kwetu, wazi, juu ya meza. Science inapenda kulinganisha."

Commission ilifanya kazi na roho yote. Ku siku ya pili, kasiksi ilikuwa imeshuka mpaka katikati.

"Ni joto," Chef alisema.

Inje mvua ilikuwa inanyesha, Mumbere alivaa makoti mbili.

"Joto ya kazi," Chef akaongeza, na Mumbere akaandika vile.

Nyuma ya ile siku, maziwa ikapanda kama mvuke, ikashukia ku ndevu ya président. Sikushangaa: mvuke lazima ishukie pahali. Mafuta ilikauka siku moja na ile harufu nzuri ya sombe, majani ya muhogo, yenye ilitoka kwa bibi ya chef. Asali nayo, ikakauka. Ile siku kashe ilishikana na vidole vya Mumbere mpaka tukaitoa na maji ya moto.

Siku ya exposition, Chef alikaa mbele kabisa, koti na kravati. Elsa akapanga chupa zake, za kwetu huku, za bureau kule. Madame Virginie, mwalimu mwenye kuongoza jury, akainama.

"Za nyumbani zilikuwa wazi?"

"Wazi, madame. Kasiksi na maziwa zilishuka kidogo tu. Mafuta na asali, hata kidogo."

"Na hizi za bureau?"

"Zilifungwa, madame. Na kashe."

"Na zikakauka?"

"Zote. Sabuni tu ndiyo ilibakia."

Madame Virginie akageuka polepole. "Chef, pengine kashe yenu haifunge muzuri? Mutu aliweza kuingia?"

Chef akasimama na hasira. Hakuna mutu anaweza kuchezea kashe ya kartie.

"Haiwezekane! Funguo iko kwangu peke yangu! Hapana mutu anaingia ile chumba kama siko!"

Mama moja kule nyuma alicheka wa kwanza. Kisha salle yote ikacheka, hata Mumbere, mwenye alipaswa kuandika.

"Asante, Chef," Madame Virginie akasema. "Conclusion imepatikana. Elsa, utaenda Beni."

Elsa, mutoto mwenye adabu, akakamata ile chupa ya mwisho, ya sabuni, akaipeleka kwake na mikono mbili.

"Wasingya, asante, papa chef. Hii ni yenu. Hakuna mutu aliigusa."

Commission haikufungwa, hapana. Miye mwenyewe, kama conseillère, niliomba iendelee na uchunguzi. Batu ba kartie banasaidia sana: kila mutu mwenye kupita bureau anaacha chupa ya sabuni mulangoni. Zimejaa mpaka dirishani.

Mpaka leo, hata moja haijakauka.