Neno Langu la Baridi Lililogeuzwa Njaa na Watu wa Kusini

Nyumba ya Kando ya Mfereji,
Thornbeck, Yorkshire.
Februari 5, 1963.

Kwa Mheshimiwa Mtunza Maneno wa Herufi S, katika nyumba ya kamusi huko Kusini. Ambaye, kwa bahati yake mbaya, ni mjukuu wangu Wilfred.

Ndugu Mheshimiwa,

Umepotea. Pasaka ya mwaka jana ndiyo mara ya mwisho kuuona uso wako, na hata hapo ulikaa siku moja na nusu, na hiyo nusu ukailala. Usiniambie theluji imefunga reli. Mwezi wa saba hapakuwa na theluji. Mwezi wa tisa nilikuokea mkate wa tangawizi, nawe ukatuma kadi yenye picha ya daraja. Wilfred, mimi nimezaliwa chini ya daraja. Madaraja ninayo ya kutosha.

Lakini leo sikuandikii kama bibi. Bibi atakushughulikia ukija. Leo nakuandikia kama raia mwenye malalamiko, na wewe ndiye mwenye ofisi, kwa hiyo kaa vizuri, toa mkono mfukoni, usome mpaka mwisho. Kama herufi zangu zimelala upande, zivumilie. Unajua sikuwahi kuingia shule, kwa sababu mashua yetu ya makaa haikusimama mahali pamoja siku mbili. Kusoma nilijifunza kwa majina yaliyochorwa ubavuni mwa mashua za wenzetu, na kuandika nilifundishwa na babu yako nikiwa tayari na watoto watatu, na hakuwa na subira hata kidogo.

Malalamiko yangu nimeyapa namba, maana najua ofisi hupenda namba.

1. Kwamba tarehe nane Januari, mfereji ukiwa umeganda kama sakafu tangu siku ya pili ya Krismasi, na mashua zote za makaa ya mawe zimekwama huko chini, aliingia humu ndani Bi Pelham wa ofisi ya ustawi ya baraza. Ni msichana mwema, mgeni kutoka Surrey huko Kusini, na viatu vyake ni vya kwendea harusini. Akaniuliza hali. Nikamjibu kwa adabu, kama alivyojibu mama yangu na mama yake: "Niko 'starved', mwanangu."

Sasa wewe na mimi, na kila aliyezaliwa upande huu, tunajua nilichosema. Nilisema baridi imeniingia mifupani, hebu funga mlango. Yule binti, ambaye kwao neno hilo ni kufa kwa njaa, hakufunga mlango. Alishika kifua.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu Krismasi."

"Na majirani wanajua?"

"Wao pia wako hivyo hivyo. Mtaa mzima."

"Mungu wangu. Sasa mnafanyaje?"

"Tunavaa soksi mbili mbili, na kofia kitandani."

Akaandika yote, hata soksi. Nilimwona machozi yakimlengalenga, nikamwonea huruma, nikamwambia asijali, babu yako alikuwa hivyo kila mwaka kuanzia mwezi wa kumi na moja na bado aliishi miaka sabini na sita.

2. Kwamba siku tatu baadaye ilikuja gari, ikashusha wanawake wawili wenye kofia za kijani, na kila mmoja ana sahani iliyofunikwa. Nyama ya kusaga, viazi vya kuponda, pudingi ya wali na maziwa. Nikauliza, "Hiki ni nini?" Wakasema, "Si ulisema uko 'starved', mama?" Nikasema, "Ndiyo, na bado niko." Wakaniongezea viazi. Nikawavuta mkono mpaka kwenye meko yangu, nikawaonyesha majivu yaliyopoa, nikawaambia, "Tazameni, humu hamna kitu." Wakatazamana. Mmoja akasema kwa upole, "Maskini, hata cha kuinjika hana." Siku ya pili wakaleta sahani nne.

Yaani kila nilipolalamika, chakula kiliongezeka. Laiti ningelalamika kwa nguvu zaidi ningeletewa ng'ombe mzima.

3. Kwamba mimi sikukila chakula hicho, na nilikuwa na sababu. Ningeikubali ile sahani ningekuwa nimelikubali na neno lao. Nilikunywa uji wangu wa shayiri kama siku zote, na sahani nikawa nazipitisha juu ya ukuta kwa Gerhard, jirani yangu. Unamkumbuka Gerhard, yule Mjerumani, aliletwa hapa mfungwa wa vita, vita vikaisha, yeye akabaki akaoa. Ana watoto watano na wote wanakula kama wapiga makasia. Ikawa siku moja Bi Pelham kapita uchochoroni, kawakuta watano hao wamekaa juu ya ukuta wanalamba pudingi yangu. Akarudi ofisini akaandika kwenye faili maneno haya, ameniambia mwenyewe kwa masikitiko: "Hajui kwamba ana njaa."

Miaka sabini na saba, Wilfred. Nimezaa sita. Sijui kwamba nina njaa.

4. Kwamba nilitaka mtu asiye wa Kusini wala wa Kaskazini atuamue, nikamwita Gerhard mlangoni. Nikamwambia, "Gerhard, neno hili nasikia hata kwenu lipo. Kwenu lina maana gani?"

Akavua kofia. "Kufa, mama."

"Kufa kwa nini? Kwa njaa au kwa baridi?"

"Kufa tu. Kwa chochote utakachopata."

Ndipo nikaikumbuka barua yako ya siku ya Watakatifu Wote, ile niliyodhani unajisifu. Uliandika kwamba zamani sana hata sisi Waingereza wote, juu na chini, tulilitumia neno hili kwa kufa tu. Halafu miaka ikapita tukagawana: watu wa Kusini wakabaki na waliokufa kwa njaa, sisi tukabaki na waliokufa kwa baridi. Baadaye hata kufa kwenyewe kukapungua, ikawa ni kutetemeka tu. Nakuuliza kama raia: siku mlipogawana hao maiti, nani alikuwepo kwa niaba ya Thornbeck?

Na mke wa Gerhard alisikia nusu ya mazungumzo yetu akiwa anakamua nguo. Kesho yake mchungaji aligonga mlango, kitabu cha mazishi kikichungulia kwenye koti. Nilimfungulia mwenyewe. Akakisukuma kitabu ndani zaidi, akasema, "Nimefurahi kukukuta, Bi Barraclough." Basi jumlisha. Kwa neno moja nimeletewa viazi, nimeletewa na mazishi. Kipande cha makaa hakuna aliyekileta.

5. La tano nimelisahau, lakini lilikuwa kali.

6. Kwamba wewe, katika barua ile ile, uliniandikia kwamba maana ya neno huhama kama maji, hakuna wa kulaumiwa. Maji unanifundisha mimi? Nimelala juu ya maji miaka thelathini. Maji ya mfereji hayahami yenyewe. Yanakaa palepale mpaka mtu ashuke, ainame na fimbo yake ya chuma, afungue lango. Na mtu huyo ana jina, na mara nyingi tulilijua, na tulimtukana. Kwa hiyo nataka jina la aliyelifungua lango hili maana ikamwagika kuelekea Kusini. Kama alikufa, nataka kujua alikufa kwa njaa au kwa baridi, ili nione kama alipata haki yake.

Tena uliniambia si neno hili peke yake. Uliniambia "nice", ambalo leo ni mtu mzuri, mpole, zamani lilikuwa mpumbavu asiyejua kitu. Sasa yule mchungaji akiwa anaondoka na kitabu chake aliniambia mimi ni mwanamke "nice". Nikamuuliza, "Nice wa mwaka gani?" Jumapili aliniruka kwenye kushikana mikono.

7. Hapa sitanii. Jumamosi imekuja barua ya baraza. Inasema Alhamisi tarehe kumi na nne kamati itakaa kuniamua mimi, mzee mwenye njaa anayegawa chakula chake kwa kuwa akili imemtoka, na pendekezo ni nihamishiwe kwenye nyumba ya wazee mjini. Nyumba hiyo unaijua. Wakati wangu iliitwa nyumba ya maskini. Walikuwa wanamtenga mume na mkewe mlangoni, na dada ya mama yangu aliingia pale na shela yake akatoka bila hata shela. Lango ni lile lile, wamelipaka rangi ya kijani tu. Bi Pelham anasema siku hizi kuna redio.

Mimi siendi. Nimeishi juu ya maji hatua tatu za upana, halafu nikapewa nyumba hii yenye ngazi, na humu ndimo nitakamotoka nikiwa nimebebwa. Nilitamka neno moja sahihi, kwa Kiingereza sahihi, ndani ya nyumba yangu, na kwa neno hilo wananitoa ndani ya nyumba yangu.

Kwa hiyo naomba, na nikisema naomba usinielewe vibaya, mambo yafuatayo. Kwanza, uniletee karatasi yenye muhuri mkubwa wa kamusi, inayosema kwamba kinywani mwa Keziah Barraclough neno hilo ni baridi, lilikuwa baridi, na litabaki baridi, nayo ifike kabla ya Alhamisi hiyo. Pili, watu wa Kusini walirudishe neno letu mara moja, na mpaka watakapopata lao, wasikie njaa kimyakimya. Tatu, anayeingia nyumba ya mtu afunge mlango kwanza, ndipo aulize mengine. Nne, kama hayo yote hayawezekani, basi neno lirudi kwa mwenyewe wa kwanza kabisa, yaani kifo, na atakayelitumia azikwe siku hiyo hiyo bila kujali anajisikiaje. Tutaona kama watalichezea tena.

Nisalimie wenzako wote wa herufi S, na wale wa T ambao ulisema hawasalimii. Nisalimie mama mwenye nyumba unakopanga, umwambie mashati yako ya mara ya mwisho niliyaona na sikusema kitu. Salamu za Gerhard, za mkewe, na za watoto watano ambao wamenenepa. Mchungaji hajatuma salamu.

Nimalizie kwa heshima zote zinazostahili ofisi yako,

Keziah Barraclough (Bi),
raia, na mwenye neno.

Tanbihi. Usilete ile karatasi. Kama umekwisha kuigonga muhuri, ichome, angalau wewe upate joto.

Bi Pelham ametoka hapa sasa hivi. Nilimkalisha nikamsomea barua hii yote. Pale kwenye soksi alijifunika uso. Nilipomaliza akasema polepole, "Mama, kumbe ni baridi?" Nikamwambia, "Ni baridi, mwanangu, tangu mwanzo." Akainuka akaufunga mlango. Halafu akatoa kitabu chao cha kanuni, tukasoma pamoja, yeye haraka na mimi kwa kidole.

Wilfred, nisikilize. Mzee mwenye njaa, kwa kanuni zao, huletewa chakula nyumbani kwake hata miaka kumi, mradi aonekane anakila, na juu yake hupewa magunia mawili ya makaa kila wiki, kwa lori la baraza, ya kupashia chakula hicho. Mzee mwenye baridi, nyumba yake huandikwa kwamba haifai kuishi binadamu, na anahamishwa bila hata kamati kukaa.

Binti wa watu akashika kalamu, akaniuliza, "Sasa mama, niandike lipi?"

Nikamwambia, "Nakufa kwa njaa, mwanangu. Lete sahani."

Nikala viazi vyote vya siku hiyo, na nyama, na pudingi, yeye ananitazama na mimi namtazama, na alipoandika "amekula", kamati ikawa haina tena la kuniamua, tukacheka mpaka Gerhard akagonga ukuta. Kwa hiyo lile neno la watu wa Kusini liacheni lilivyo. Ni neno zuri sana, limekaa mahali pake, na atakayeligusa kwenye hiyo kamusi yenu ataniona mimi.

Magunia yanaanza Ijumaa. Njoo Jumapili, na ukimkuta mtu yeyote wa baraza humu ndani, usithubutu kuniuliza kama nasikia baridi. Niulize kama nimekula, tena kwa sauti.